Miss Kenya Bado Inaruka

Ndege ya kwanza kuingizwa katika daftari la usajili la Kenya haikuangukia mlimani, haikuliwa na mchwa, wala haikuuzwa kwa kilo kama chuma chakavu. Ipo. Mabawa yake yapo, injini yake ipo, na jina lake limeandikwa kwenye pua: Miss Kenya. Ukifika Old Warden, kijiji kidogo cha Bedfordshire nchini Uingereza, siku ya maonyesho ambayo upepo umelala, unaweza kuiona ikisukumwa kwa mikono kutoka bandani, ikizungushiwa propela, ikikohoa moshi mara mbili tatu, kisha ikikimbia juu ya nyasi na kuziacha. Ilitengenezwa mwaka 1925.

Mimi nimekulia Nairobi, upande ule ambao ndege za Uwanja wa Wilson hupita chini kabisa juu ya mabati. Utotoni tulizitambua kwa mlio kabla hazijaonekana, tukabishana: hii ina injini moja, hii mbili, ile inapeleka miraa Somalia. Hakuna mtu mzima aliyetuambia kuwa ukoo wa ndege hizo una bibi, na kwamba bibi huyo yu hai. Nilikuja kujua ukubwani, na tangu siku hiyo kisa chake hakijaniachia. Kimesimuliwa mara nyingi kwa Kiingereza. Nakileta kwa Kiswahili kwa sababu anga alilopasua lilikuwa letu, na walioinua macho wakashangaa walikuwa babu na bibi zetu.

Kisa kinaanzia Stag Lane, kaskazini mwa London, mwaka 1924. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imekwisha miaka sita nyuma, na Uingereza ilikuwa imejaa mabaki yake: ndege na injini kwa maelfu, zilizotengenezwa mbiombio na sasa hazina wa kuzihitaji. Kampuni moja, Aircraft Disposal Company, ilinunua shehena hiyo kutoka kwa serikali na kuanza kuiuza kidogo kidogo. Geoffrey de Havilland, mbunifu wa ndege aliyekuwa na karakana yake hapo Stag Lane, akaona mwanya. Kama injini ya vita inapatikana kwa bei ya kutupa, kwa nini asijenge ndege ya mtu binafsi, ya kubeba watu watatu, ambayo mwenye shamba au mfanyabiashara angeweza kuimudu?

Akaijenga, akaiita DH.51, akairusha mwenyewe Julai 1924. Mwili ulikuwa wa plaiwudi. Mabawa yalikuwa mawili, moja juu ya jingine, yenye urefu wa zaidi ya mita 11 kutoka ncha hadi ncha. Puani aliweka injini ya zamani ya vita yenye nguvu ya farasi 90, na hapo ndipo kazi ilipokwama. Injini ile ilikuwa na njia moja tu ya kuwasha moto: silinda moja, plagi moja. Plagi ikifa angani, silinda nayo imekufa. Wakaguzi hawakuwa tayari kuipa cheti ndege ya namna hiyo bila majaribio ya ziada. De Havilland akaing'oa, akaweka Airdisco, injini ya silinda 8 na nguvu ya farasi 120 ambayo mhandisi Frank Halford alikuwa ameiunda kwa kuifanyia ukarabati mkubwa Renault ya wakati wa vita. Ndege ikapaa vizuri. Bei nayo ikapaa pamoja nayo.

DH.51 zilitengenezwa tatu tu. Kilichoziua ni mtoto wa injini yao wenyewe. Halford aliitazama Airdisco, silinda nne upande huu na nne upande ule, akaikata nusu. Upande mmoja peke yake ukawa injini mpya, nyepesi, yenye nguvu ya farasi 60, iliyoitwa Cirrus. De Havilland akaichorea ndege ndogo ya watu wawili ambayo mabawa yake yaliweza kukunjwa nyuma hadi ikaingia kwenye banda la kawaida. Alipenda sana kukusanya wadudu, vipepeo na nondo, kwa hiyo akaiita Moth, yaani nondo. Iliruka mara ya kwanza tarehe 22 Februari 1925, na ndiyo iliyowafungulia anga watu wasio wanajeshi, kutoka Uingereza hadi India, Australia na Afrika. Baada ya Moth hakuna aliyetaka DH.51. Ya kwanza ilivunjwa. Ya pili ilipelekwa Australia, ikafungwa maboya ya kuelea majini, ikapinduka katika bandari ya Sydney. Ya tatu ilipata mnunuzi aliyeishi Nyeri.

Mnunuzi huyo alikuwa John Carberry, mtoto wa ukoo wa kimwinyi wa Ireland. Alizaliwa mwaka 1892 na kurithi cheo cha Lord angali mtoto. Kabla ya vita alijifunza kuruka, na mwaka 1914 alizunguka Ireland akiwaonyesha watu ndege, kitu ambacho wengi wao walikuwa hawajawahi kukiona. Baada ya vita alikichukia cheo chake, akakiacha, akauza kasri la ukoo, akahamia Kenya kulima kahawa katika nyanda za juu, kwenye ardhi iliyokuwa imetwaliwa kutoka kwa wenyeji. Shamba lake aliliita Seremai. Hakuwa mtu mwema. Binti yake, Juanita, aliandika uzeeni juu ya ukatili aliouona nyumbani, na ukisoma hutamani kukutana na baba huyo popote. Nayasema haya mapema kwa sababu wapenzi wa ndege za kale wana kawaida ya kuisifu mashine mpaka mwenye mashine naye akapata sifa asizostahili. Ndege haikosi kuwa nzuri kwa sababu mwenyewe hakuwa mzuri. Ila vyote viwili visemwe.

Basi ndege ikapakiwa vipande vipande kwenye masanduku, ikasafiri kwa meli hadi Mombasa, ikapandishwa bara, ikaungwa upya. Aprili 1926 ikapaa katika anga la Kenya, na Carberry akaibatiza Miss Kenya.

Hebu tusimame hapa kidogo tuitazame kwa karibu, kwa sababu ndege ya aina hii ni kazi ya seremala na fundi cherehani kabla haijawa kazi ya fundi injini. Mbavu za bawa ni vijiti vyembamba vya mbao nyepesi, vimeshikwa kwa gundi ambayo zama hizo ilitokana na maziwa. Juu ya mbavu huvishwa kitani. Fundi huchukua sindano ndefu kama mkono, akapitisha uzi kutoka juu ya bawa hadi chini, akauzungusha ubavu, akaurudisha juu, akafunga fundo. Akasogea upana wa vidole vichache, akafunga jingine. Bawa zima hushonwa hivyo, fundo kwa fundo. Kisha kitani hupakwa dopu, namna ya vanishi inayonuka kama rangi ya kucha. Dopu ikikauka hukivuta kitani hadi kikakaza kama ngozi ya ngoma, na ukikigonga kwa kidole, kinalia. Rubani wa zamani hakuhitaji kipimo: alipita na kidole bawani, akasikiliza. Bawa lililolegea lina sauti ya mlevi, bawa zima lina sauti ya msondo.

Sasa ipeleke kazi hiyo Nyeri. Jua la ikweta hula kitani. Unyevu wa masika huilegeza gundi ile ya maziwa, na kiangazi huzikausha mbao mpaka zikapinda. Juu ya hayo kuna mwinuko. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na huko hewa ni nyepesi: injini inavuta hewa kidogo hivyo inatoa nguvu kidogo, propela inashika kidogo, bawa nalo linabebwa kidogo. Ndege inayoondoka Mombasa kwa mbio fupi, Nairobi itahitaji kukimbia mbali zaidi kabla magurudumu hayajaachana na ardhi. Ndiyo maana Airdisco, ile injini kubwa iliyoifanya DH.51 iwe ghali mno kwa soko la Uingereza, huku kwetu ilikuwa baraka. Farasi 120 si wengi, lakini ni mara mbili ya wale wa Moth za kwanza.

Viwanja navyo havikujifyeka vyenyewe. Kila mahali ndege ilipotua, kulikuwa na watu waliong'oa visiki, wakafukia mashimo ya mhanga na kusawazisha vichuguu kwa jembe. Historia za urubani wa Afrika Mashariki huwapita watu hao kwa kasi ileile ya ndege iliyotua juu ya kazi yao.

Mke wa Carberry, Maia, alikuwa rubani pia, na kwa maoni yangu alikuwa bora kuliko mumewe kwa moyo. Alijifunza haraka, akaanza kuwafundisha wengine. Tarehe 12 Machi 1928 alikuwa akiruka Nairobi na mwanafunzi wake ndege ilipoanguka, wote wawili wakafa. Haikuwa Miss Kenya. Maia aliacha mtoto ambaye hajatimiza miaka mitatu, huyo Juanita ambaye baadaye angeandika. Mwaka huohuo Miss Kenya ikauzwa kwa watu watatu kwa ubia, na ikaandikwa katika daftari jipya la usajili la koloni kwa alama G-KAA. Herufi ya mwisho ni A kwa sababu hakukuwa na ndege nyingine kabla yake. Punde alama zikabadilishwa, ikawa VP-KAA.

Mmoja wa wale watatu aliitwa Tom Campbell Black, na kuanzia hapa kisa kinamfuata yeye.

Black alikuwa rubani wa vita aliyekuja Kenya kulima. Kilimo hakikumshika, ndege zilimshika. Mwaka 1929 alikutana na mtu aliyefaa kabisa: Florence Kerr Wilson, mjane ambaye mumewe alikuwa amefariki mwaka mmoja nyuma. Bi Wilson alikuwa na fedha na akili ya biashara, Black alikuwa na mikono ya urubani. Julai mwaka huo Wilson Airways ikazaliwa Nairobi, Black akiwa rubani mkuu na meneja, na chombo cha kuanzia kikiwa Gipsy Moth moja. Kampuni ikakua. Imperial Airways ya London ilipofungua njia ya barua hadi Mwanza tarehe 28 Februari 1931, na kuirefusha hadi Cape Town Januari 1932, Wilson Airways ndiyo iliyozisambaza barua na abiria kwenda kusikofikiwa na wakubwa. Ndege zake zilishuka pwani pia, Mombasa, Tanga, Zanzibar, Dar es Salaam. Barua iliyozoea kukaa wiki kadhaa melini sasa ilisafiri kwa siku. Mwaka 1962 kiwanja kilichokuwa kikiitwa Nairobi West kikapewa jina la Bi Wilson, na hilo ndilo jina tunalotaja kila siku tukipita barabara ya Lang'ata bila kufikiri kuwa Wilson ni mwanamke.

Black aliijua nchi kutoka juu kama mchungaji anavyoijua mbuga kutoka chini. Mwaka 1931 Ernst Udet, Mjerumani aliyetungua ndege 62 katika Vita Kuu, alikuwa akirudi kwao baada ya kupiga filamu Afrika Mashariki, injini ikamsaliti, akakwama katika vinamasi vya Sudan pamoja na fundi wake. Siku zikapita bila habari. Aliyempata ni Black, aliyemtafuta kwa ndege mpaka akamwona. Miaka 13 tu kabla ya hapo wawili hao walikuwa pande mbili za vita.

Lakini mwanafunzi wa Black ndiye aliyempita mwalimu kwa umaarufu. Beryl Markham aliletwa Kenya akiwa mtoto mdogo, akalelewa Njoro shambani kwa baba yake, akacheza na kuwinda na watoto wa Kiafrika, akakizungumza Kiswahili tangu utotoni. Rafiki yake wa utoto alikuwa Kibii, ambaye baada ya kutahiriwa aliitwa arap Ruta. Beryl alipofuga farasi wa mashindano, arap Ruta alikuwa naye zizini. Beryl alipohamia kwenye ndege, arap Ruta naye akahama, akawa akiishughulikia ndege kama alivyowashughulikia farasi. Haya twayajua kwa sababu Beryl mwenyewe aliyaandika katika kitabu chake cha mwaka 1942, na namshukuru kwa hilo. Ukitafuta jina la Mwafrika aliyeisogelea ndege kwa mikono yake katika miaka ile, ni arap Ruta utakayemkuta kwanza, mtu aliyekulia Njoro na kujua kishindo cha injini ya Avian, ndege ya Beryl, kama wenzake walivyojua mlio wa ng'ombe wao.

Mwaka 1932 Beryl aliruka peke yake kutoka Kenya hadi Uingereza. Mwaka uliofuata akapata leseni ya biashara, akaishi kwa kubeba barua, wagonjwa na mizigo, na kwa kuwatafutia wawindaji tembo kutoka angani, kazi ambayo leo inaniumiza kuisoma. Kisha Carberry, yule yule wa Nyeri, akamtupia changamoto: avuke Atlantiki peke yake, kutoka Uingereza kwenda magharibi, uso kwa uso na upepo. Ndege angempa yeye, Vega Gull mpya aliyokuwa ameagiza, iliyosajiliwa Kenya kwa alama VP-KCC.

Beryl aliondoka Abingdon jioni ya tarehe 4 Septemba 1936, mvua na upepo vikimpiga. Ndani ya ndege palijaa matangi ya petroli, kila moja na bomba lake la kufungua. Aliambiwa asibadilishe tangi mpaka lililopo liishe kabisa, yaani aiache injini izime ndipo afungue jingine. Ilipozima mara ya kwanza ilikuwa usiku, juu ya bahari asiyoiona. Kwa mujibu wa kitabu chake, ndege ilianza kushuka kimya kuelekea majini huku mkono wake ukipapasa bomba gizani. Akalipata. Injini ikanguruma tena akiwa si mbali na maji. Kulipokucha aliona nchi kavu, lakini barafu ilikuwa imeziba njia ya hewa ya tangi, injini ikafa kwa kiu wakati petroli bado ipo. Akatua Baleine, Cape Breton, nchini Kanada, kwenye kile alichodhani ni uwanja wa majani mabichi. Kilikuwa kinamasi. Ndege ikazamisha pua, Beryl akatoka na damu usoni. Alikuwa hewani zaidi ya saa 21, na hakuna mwanamke aliyekuwa amewahi kuvuka peke yake kutoka Uingereza hadi bara la Amerika Kaskazini kwa njia hiyo.

Mwalimu wake alikuwa amekwisha kupata lake miaka miwili kabla. Oktoba 1934 yaliandaliwa mashindano ya ndege kutoka Uingereza hadi Melbourne, Australia, safari ya kilomita zipatazo 18,000. De Havilland, yule yule, akatangaza kuwa atatengeneza ndege maalumu ya mbio kwa atakayelipa pauni 5,000. Kwa mashindano hayo zilitengenezwa tatu. Ziliitwa Comet: nyembamba, za mbao, injini mbili, bawa moja tu refu kama la mbayuwayu. Ile nyekundu ilinunuliwa na meneja wa hoteli ya Grosvenor House ya London, ikabeba jina la hoteli, na marubani wake wakawa C. W. A. Scott na Tom Campbell Black. Waliondoka Mildenhall alfajiri ya tarehe 20 Oktoba. Baghdad, Allahabad, Singapore, Darwin, Charleville. Walipokaribia Australia injini moja iliwaletea shida ya mafuta, wakaibembeleza mpaka mwisho. Walifika Melbourne baada ya saa 71. Meli ya abiria ilichukua wiki kadhaa kwa safari hiyo.

Tarehe 19 Septemba 1936, siku 14 tu baada ya Beryl kutua kinamasini, Black alikuwa Speke, Liverpool, akiiendesha ardhini ndege yake mpya ya mashindano kwenda kuondoka. Ndege ya kijeshi iliyokuwa imetua ikaja moja kwa moja, rubani wake asimwone, propela yake ikamfikia Black ndani ya chumba chake. Mtu aliyeruka juu ya vinamasi vya Sudan na bahari ya Timor alifia kwenye nyasi za uwanja wa nyumbani, magurudumu yakiwa chini.

Vita vya pili vilipoanza, Wilson Airways ilikufa. Ndege na marubani wake vilichukuliwa na jeshi, na baada ya vita kampuni haikufufuka. Mwaka 1946 ilianza East African Airways, ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar kwa pamoja, ambayo wazee wetu wengi bado wanaikumbuka kwa mapenzi. Muda wote huo Miss Kenya ilikuwa Kenya. Wenye nayo walibadilika, ikarushwa, ikawekwa, ikatolewa tena. Moth zilizoizidi kwa idadi zilikwisha moja moja, kwa kuanguka, kwa kuoza, kwa kukatwa vipuri. Yenyewe, ya kipekee, isiyo na ndugu wa kukopa kipuri kwake, ikabaki.

Mwaka 1965 ilipakiwa ndani ya tumbo la Beverley, ndege kubwa ya mizigo ya jeshi la anga la Uingereza, ikaondoka Kenya. Ilikuwa inakwenda Old Warden.

Old Warden ilikuwa mali ya ukoo wa Shuttleworth. Kijana wa ukoo huo, Richard, alikuwa na wazimu mzuri wa kukusanya magari na ndege kuukuu wakati wenzake walipotaka vipya, na aliziweka katika hali ya kufanya kazi. Agosti 1940, akiwa na miaka 31, alikufa katika ndege ya jeshi usiku, mazoezini. Mama yake, Dorothy, hakuwa na mtoto mwingine. Aliyaweka mali na makusanyo yale chini ya wakfu, na wakfu huo ukashikilia kanuni ya Richard: ndege iruke. Ndiyo sababu Blériot ya mwaka 1909 bado huinuka pale juu ya nyasi, jioni ambazo hata jani halitikisiki, kwa sababu upepo mdogo tu ungeitupa.

Miss Kenya haikufika ikiwa tayari. Miaka ya Afrika ilikuwa imeingia kwenye mbao zake. Ilipelekwa Hawarden, karibu na Chester, kiwanda cha Hawker Siddeley, kampuni iliyokuwa imeimeza ya de Havilland, kwa hiyo tunaweza kusema ilirudi kwa wajukuu wa walioitengeneza. Walifungua kitani, wakakagua kila ubavu, wakabadilisha kilichooza na kuacha kilichokuwa kizima. Mwaka 1973 ikapaa tena.

Kuitunza ndege kama hii hakufanani na kutunza kinyago kwenye kabati la kioo. Ukivunja kipuri cha Airdisco, huendi dukani. Unakaa na michoro, unachonga. Kitani huzeeka hata kikilala, hivyo baada ya miaka kadhaa huvuliwa chote na kushonwa kipya, fundo kwa fundo. Kijana anayejifunza kushona bawa leo lazima afundishwe na mtu aliyefundishwa na mtu, na mnyororo huo ukikatika mara moja hakuna kitabu kitakachouunga. Nimewahi kubishana na watu wanaosema kuirusha ndege ya umri huo ni kuihatarisha bure. Nawaelewa. Ila ndege ikikaa chini, mikono inayojua kuishughulikia inakufa kabla ya mbao zake, na hapo kinachobaki ni samani.

Nilipokwenda kuiona, ilikuwa bandani, mlango wazi, nyasi za uwanja zikianza hatua chache kutoka kwenye magurudumu yake. Niliinama chini ya bawa la chini. Chini ya rangi ungeweza kuhesabu mafundo, yamejipanga kama mshono wa kanzu ya kazi nzuri. Harufu ilikuwa ya mafuta ya zamani na dopu. Mzee mmoja wa kujitolea, kitambaa mkononi, aliniuliza nimetoka wapi. Nilipomwambia Nairobi, aliiangalia ndege, akaniangalia mimi, akacheka kwa furaha kabisa, akanisogezea kamba ya kuzuia watu ili nipite.

Nilimuuliza kuhusu alama za usajili, maana ubavuni haikuandikwa VP-KAA. Ilirudishiwa ile iliyopewa kabla ya kuletwa kwetu, G-EBIR. Jina tu ndilo halikuguswa.

Kisha akanipeleka kunionyesha Grosvenor House, nyekundu, pua yake ndefu imeelekezwa mlangoni. Baada ya vita vya pili ilikaa miaka mingi bila kuruka, ikapewa Old Warden mwaka 1965, mwaka ule ule ambao Miss Kenya ilitoka Kenya, na ikapaa tena mwaka 1987. Kwa hiyo ndege ambayo Tom Campbell Black alikuwa mmoja wa wamiliki wake akiwa mkulima asiyejulikana wa Kenya, na ndege iliyompa dunia nzima siku moja ya Oktoba, zinatunzwa kwenye uwanja mmoja, na watu wale wale, kwa makopo yale yale ya dopu. Nilirudi kwa Miss Kenya. Nikaligonga bawa kwa kidole, polepole, kama walivyokuwa wakifanya. Likalia.